Uchovu wa Watu Wawili

Tanga, 4 Agosti 2024

Mdogo wangu Hawra,

Salaam kutoka kwetu sote, na Mungu akuweke. Sisi hatujambo. Sughra goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini anapanda, huku akinisuta kwamba nimeoa mwanamke nikamweka ghorofani. Duka linakwenda. Saruji imeadimika tena na kila mteja anaamini nimeificha mimi. Binti yako Zahraa hajambo? Chuo kinasemaje?

Utajiuliza kwa nini kaka yako anakuandikia wakati simu ipo mkononi. Hatujagombana. Siku ile ulipopiga, Mama aliisikia sauti yako, akanyanyuka kitini na kuanza kukutafuta. Alifungua chumba cha wageni, akafungua bafu, akafika hadi stoo. "Hawra kaingia sasa hivi, nimemsikia." Nilipomwambia uko Kanada, alinitazama kama mtu anayejua anadanganywa ila hana nguvu za kubishana. Alilia mpaka usingizi ukamchukua. Tangu siku hiyo nikikupigia navizia awe amelala, na akilala yeye mimi niko dukani. Basi tuandikiane.

Amebadilika, Hawra. Anasahau. Juzi alimwita Sughra kwa jina la shangazi yetu aliyefariki. Ningependa akuone kwa video, huenda ingemtuliza, lakini wewe sasa mwezi mzima video hupokei. Nikipiga unakata, kisha unaandika "niko kazini". Hata Jumapili?

Njoo Desemba. Mwaka kesho sijui atakuwa anamjua nani.

Kaka yako,
Kazim


Thorncliffe Park, Toronto, 8 Septemba 2024

Kaka Kazim,

Waalaikum salaam. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Zahraa yuko vizuri, anaingia mwaka wa tatu, anarudi nyumbani jioni na kula amesimama. Joto la huku mwaka huu lilituchosha, na lifti ya jengo letu ikaharibika wiki ileile niliyonunua gunia la mchele. Mpe Sughra pole ya goti, mwambie na mimi naishi juu.

Video siwezi kwa sasa, kamera ya simu ni mbovu. Kazini Malton, karibu na uwanja wa ndege, zamu zimeongezwa. Ndege za mizigo hazipumziki nasi hatupumziki. Nikifika nyumbani hata kuvua viatu ni kazi.

Desemba sitaweza kuja. Usiniulize sana. Mwambie Mama nampenda. Mwambie kwa upole, asije akanyanyuka kunitafuta.

Wako,
Hawra


Tanga, 20 Oktoba 2024

Hawra,

Salaam. Tuko hai. Harusi ya mtoto wa Ummulbanin imepita, biriani ilitosha na ikabaki. Ummulbanin mwenyewe alikuja kutoka huko kwenu kwa ajili hiyo, na kabla hajarudi akapita kutusalimia.

Alikaa sebuleni, akapewa chai. Katikati ya maneno mengine akasema, "Masikini Hawra, na uso wake ule." Kisha akajishika mdomo. Sughra akamuuliza, "Uso wake una nini?" Akasema muulizeni mwenyewe. Tulimbana wee, akaishia kusema kwamba alikuona msikitini mwezi wa Julai, umejifunika mtandio hadi puani, na ulipoushusha upate kunywa maji, upande mmoja wa uso ulikuwa umelala.

Mimi ni mtu mzima. Najua uso ukilala upande mmoja huwa ni nini. Baba yetu alianza hivyohivyo.

Kwa hiyo kamera si mbovu. Nimekasirika, sikufichi. Nimekaa miezi hii nikimwambia Sughra kwamba Kanada imekubadilisha, umekuwa mtu wa kukata simu. Kumbe uko huko peke yako na kiharusi. Niandikie ukweli, na uniandikie haraka.

Kazim


Toronto, 17 Novemba 2024

Kaka yangu,

Salaam kwako na kwa Sughra. Zahraa anawasalimu, mitihani imemkaba. Theluji ya kwanza ilianguka juzi ikayeyuka. Nimeianza barua hii mara kadhaa, kila nikifika mistari mitatu mkono unakuwa mzito.

Si kiharusi. Ondoa hilo moyoni kwanza.

Mwezi wa Juni mimi na jamaa zetu wa huku tulikwenda kula chakula cha mchana kwenye bustani moja kubwa kando ya mto, mashariki ya jiji. Mimi nilitafuta kivuli, nikakaa ukingoni mwa majani marefu. Huko ndiko alikonipata kupe. Usicheke. Huku kuna kupe mdogo kama mbegu ya ufuta, haumi hata umsikie. Nyuma ya goti langu palitokea duara jekundu, likawa linatanuka. Mimi sikuliona, nani anajitazama nyuma ya goti? Nilikuwa na homa kidogo na viungo vikiniuma. Nikasema ni kazi.

Kisha asubuhi moja ya Julai nikawa natawadha. Nilipotia maji mdomoni kusukutua, yote yakanitoka upande wa kushoto. Nikajaribu tena, yakatoka. Nikainua kichwa nikajitazama kwenye kioo, na jicho la kushoto halikufumba. Nilimwita Zahraa. Alipiga kelele kabla hajafika mlangoni.

Hospitali walidhani ni kiharusi, kama wewe. Daktari mmoja, msichana tu, akaniambia, "Inua nyusi zako zote mbili." Unyusi wa kushoto haukuinuka, naye akasema kwenye kiharusi kwa kawaida huinuka. Akaniuliza kama nilikaa kwenye majani. Akanikagua mwili mzima, akaona duara lile, limeanza kufifia. Wakapima damu. Ugonjwa unaitwa Lyme, huletwa na kupe, na ukienea mwilini unaweza kushika mishipa ya uso. Nikapewa antibayotiki za wiki tatu.

Dawa ile iliniunguza tumbo vibaya. Nayo ilikuja na masharti: usiimeze karibu na maziwa wala karibu na vidonge vya kiungulia, vitaizuia isiingie mwilini. Nikawa makini kama mwanafunzi. Antibayotiki nikameza katikati ya asubuhi nikiwa kazini, na usiku. Maziwa na vidonge vya kiungulia nikavihamishia alfajiri, pamoja na kile kidonge changu cha tezi ya shingo ninachokunywa tangu nilipomzaa Zahraa, ili dawa ya kupe isiguswe na kitu. Usiku nilibandika jicho kwa plasta, kwa kuwa halikufumba lenyewe. Ndiyo maana sikupokea video. Sikutaka Mama anione hivyo.

Uso umerudi karibu wote. Daktari alisema matibabu yamekamilika. Lakini mimi sikurudi, kaka. Nimechoka uchovu nisioweza kukueleza. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nakaa kitandani nikitazama soksi zangu, najua nivae, na sivai.

Rafiki yangu Shahbanu, tunayefanya naye kazi, anasema vijidudu vile hujificha mwilini kwa miaka. Ameniletea vidonge vya nguvu, vyenye madini ya chuma na ya chokaa, nameza alfajiri pamoja na vingine. Na anajua kliniki moja ya binafsi wanakotundikia watu dripu za antibayotiki kwa miezi. Nataka kwenda. Zahraa hataki. Wiki iliyopita tulizozana jikoni.

"Mama, daktari wa familia alisema urudi upimwe damu. Mbona huendi?" Anasema kwa Kiingereza, mimi najibu kwa Kiswahili, ndivyo tunavyogombana.

"Nimechoka kutobolewa."

"Lakini kutundikiwa dripu miezi sita hujachoka?"

Nikaingia chumbani. Ukweli ni kwamba naogopa wakinipima watasema sina kitu. Nikiambiwa sina kitu, uchovu huu utakuwa wangu, tabia yangu. Nimeshaona jinsi msimamizi kazini anavyonitazama.

Mama asijue lolote. Niahidi.

Hawra


Tanga, 15 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Salaam na pole. Barua yako nilimsomea Sughra jioni, naye alilia. Nashukuru si kiharusi. Kuhusu kliniki ile sijui niseme nini, mimi ni muuza misumari. Lakini mtoto wako ana akili.

Nimekuahidi: Mama hatajua. Wala sidhani kama angejua hata ukimwambia. Hakutafuti tena, Hawra. Siku hizi hamtafuti mtu. Anakaa kwenye kiti karibu na dirisha tangu asubuhi, na ukimuuliza jambo unasubiri hadi unasahau kwamba uliuliza, ndipo anajibu neno moja. Sauti imekuwa nzito kama ya mwanamume. Uso umevimba kidogo, nyusi zimepukutika. Na hapa Tanga, mwezi wa Desemba, sisi tunalala sakafuni kwa joto, yeye anavaa sweta la Baba na anataka na shuka. Choo kinampa taabu, sitaeleza zaidi.

Tulimpeleka kwa daktari mwezi wa kumi. Alimtazama dakika chache, akaniambia, "Mzee, huu ni umri. Mpendeni tu." Basi tunampenda.

Sikuulizi tena kuhusu kuja. Pumzika.

Kazim


Toronto, 9 Februari 2025

Kaka Kazim,

Salaam. Natumai nyote wazima na goti la Sughra limepata nafuu. Zahraa mzima. Najua barua yako ina karibu miezi miwili, niliisoma ilipofika nikaiacha, sasa nimeikuta chini ya rundo la nguo ambazo sijazikunja.

Nikueleze lililotokea. Jumamosi moja mchana, mwezi uliopita, niliweka mayai jikoni yachemke, nikakaa kwenye kochi niyasubiri. Nilichosikia baada ya hapo ni king'ora cha jengo zima. Jikoni kumejaa moshi, sufuria imekuwa nyeusi. Lifti zikazimwa. Watu wote wa jengo letu wakashuka kwa ngazi: wazee, wajawazito, mama wa Kiafghani wa ghorofa ya juu yetu amebeba mapacha ndani ya blanketi. Tukasimama nje kwenye theluji mpaka wazima moto walipomaliza. Mapacha wale walikuwa wanalia kwa baridi, na mama yao akanisogelea akanipa nusu ya blanketi lake, hajui kama ni mimi niliyeyachoma mayai. Sikuweza kumwambia.

Zahraa hakunigombeza. Alinivisha koti Jumatatu, akaniambia, "Leo tunapima damu," tukaenda.

Majibu yalipotoka daktari wa familia aliniita mwenyewe. Akasema, "Sidhani ni Lyme tena. Lyme ilitibiwa. Tezi yako ya shingo ndiyo iko chini kabisa, sijawahi kuiona hivi. Umeacha dawa?"

"Sijaacha hata siku moja."

"Unaimeza vipi?"

Nikamwambia, kwa fahari kabisa: alfajiri, na maziwa, na vidonge vya kiungulia, na vya nguvu. Akafumba macho kidogo. Akaniambia maziwa, chokaa na madini ya chuma hukishika kidonge cha tezi kikiwa tumboni, kisiingie mwilini. Kinataka maji matupu na tumbo tupu, na hivyo vingine visubiri masaa manne. Miezi yote hii nilikuwa nailinda dawa ya wiki tatu na kuiharibu dawa ya maisha. Hata antibayotiki zilipokwisha niliendelea vilevile, kwa mazoea. Na kila nilipozidi kuchoka nilizidisha vidonge vya nguvu.

Nilimuuliza kuhusu dripu. Akasema hazijaonekana kusaidia, na zimewadhuru watu. Akaniambia pia, bila kunidanganya, kwamba wako wanaobaki na uchovu muda mrefu baada ya Lyme, na kwamba hajui sehemu gani ya uchovu wangu ni ya kupe na sehemu gani ni ya tezi. "Tuondoe tunayoweza kuondoa," alisema. Shahbanu amekasirika, anasema nimeuziwa maneno. Nimemwacha.

Sasa lililonifanya nikuandikie leo, ingawa macho yanafunga. Daktari aliniuliza dalili. Nikamwambia nahisi baridi mpaka kwenye mifupa, sauti imekwaruza, nyusi zinapukutika, choo kigumu, na jina la msimamizi wangu lilinipotea nikiwa namtazama usoni. Nilipokuwa nasema, nilihisi kama nasoma barua ya mtu. Nikaja nyumbani nikaitafuta. Ilikuwa yako, kaka. Sweta la Baba, Desemba, Tanga.

Daktari anasema ugonjwa huu hutembea katika familia, na kwa wazee hufanana na uzee. Mpelekeni Mama akapimwe damu ya tezi ya shingo. Sindano moja tu. Tafadhali.

Hawra


Tanga, 16 Machi 2025

Hawra,

Salaam, na Ramadhani njema. Tunafunga, tunafuturu, tunashukuru. Sughra anapika uji wa pilipili manga kama alivyokuwa akipika Mama, ila haufanani.

Nimefurahi kwamba umepata sababu ya ugonjwa wako. Nimefurahi kweli.

Kuhusu Mama, barua yako nilimsomea Sughra, nikaiweka. Ngoja nikwambie jinsi siku inavyokwenda hapa. Asubuhi Sughra anamwogesha, mimi namnyanyua. Hasaidii, hakatai. Tunamlisha kwa kijiko. Nilichukua mwaka mzima kujifunza kumkubali mama huyu. Mama yule mwingine nilishamlilia, peke yangu, ndani ya gari, nje ya duka. Nikamaliza. Sasa wewe, kutoka huko mbali, unaniambia huenda yumo ndani bado anangoja kidonge.

Na kama hayumo? Nitamlilia mara ngapi?

Alishaonwa na daktari. Sitaki kumburura hospitali atobolewe mkono kwa sababu ya dhana. Ngozi yake yenyewe imekauka inachanika. Nakuomba tusilizungumze tena.

Zahraa mpe salaam.

Kazim


Toronto, 23 Machi 2025

Kaka,

Salaam, na futari njema.

Wewe unambeba, mimi sijambeba hata siku moja. Najua sina haki ya kukuagiza. Sijui kama yumo. Lakini mimi nilikuwemo, kaka. Wakati nimekaa natazama soksi, nilikuwemo ndani, nikisikia Zahraa anavyoniita. Nilikuwa nachelewa tu kufika.

Kipimo kimoja. Kikisema si tezi, nilaumu mimi, na sitaitaja tena.

Hawra


Tanga, 11 Mei 2025

Mdogo wangu Hawra,

Salaam, na natumai Idi yenu ilikuwa ya kheri. Yetu ilikuwa na mvua, hatimaye. Saruji imepatikana, sasa hakuna anayejenga.

Barua yako ile fupi nilimsomea Sughra mezani. Kesho yake nilipotoka dukani adhuhuri nikakuta nyumba imefungwa. Alikuwa amemwita dereva wa jirani na kumpeleka Mama hospitali bila ruhusa yangu, yeye na goti lake. Walirudi nikiwa nimekaa kwenye ngazi. Akaniambia, "Amechomwa sindano, hakulia. Wewe ndiye ungelia."

Majibu yalichukua siku kadhaa. Daktari, si yule wa kwanza, alituita ndani, akaniuliza, "Mama yenu amekuwa hivi tangu lini?" Nikamwambia tangu mwaka juzi, taratibu. Akasema tezi yake imelala kabisa, na kwamba amechelewa kuletwa lakini hajachelewa mno. Ameanza na dozi ndogo sana, kwa sababu moyo wa mtu mzima haupendi kuamshwa kwa kishindo, na ataipandisha polepole. Ametuonya tusitegemee kila kitu. Kusahau kwingine huenda ni uzee kweli, na huko dawa haifiki.

Kwa nini sikwenda mapema, hilo sitaki tulizungumze.

Kidonge anapewa alfajiri, kwa maji. Mimi ndiye ninayempa. Mara ya kwanza alikitema kwenye kiganja changu. Sasa anameza. Chai na maziwa vinasubiri, na Sughra amesimama mlangoni kama askari.

Wiki hii amevua sweta. Hakuna aliyemvua. Nilimkuta amelikunja, limewekwa mapajani, anasema, "Joto." Basi, ni hilo tu mpaka sasa. Neno moja.

Wewe unaendeleaje?

Kazim


Toronto, 8 Juni 2025

Kaka Kazim,

Salaam nyingi, na kwa Sughra nyingi zaidi. Mbusu mkono kwa niaba yangu.

Niliisoma barua yako ndani ya basi nikitoka Malton, nikalia mpaka dada mmoja akanipa kitambaa. Naendelea. Kipimo changu kimepanda. Siku nyingine naweza kupika, na kuna siku napika halafu nalala kabla ya kula. Uchovu haukuondoka, umepungua uzito, kama mgeni aliyetoa baadhi ya mizigo yake na mwenyewe bado amekaa sebuleni. Kazini nimeomba zamu fupi, wamenipa kwa kununa.

Juzi Zahraa alinikuta nimevaa soksi na viatu kabla hajaamka. Alisimama tu mlangoni.

Niandikie kuhusu Mama, hata kama ni neno moja.

Hawra


Tanga, 27 Julai 2025

Hawra,

Salaam. Wote wazima. Leo sina habari za duka.

Asubuhi tulikuwa jikoni, mimi na Sughra. Namsomea barua yako ya Juni mara ya pili, pale unaposema kazini wamenuna. Mama alikuwa kwenye kiti chake, tumemleta jikoni siku hizi kwa kuwa anapenda harufu. Dozi imepandishwa mara mbili. Anatembea hadi bafuni kwa kushika ukuta. Anamwita Sughra kwa jina lake, na mimi wakati mwingine ananiita Kazim, wakati mwingine ananiita Baba.

Nilipomaliza kusoma akasema, "Na uso wake?"

Sughra akamuuliza, "Uso wa nani, Mama?"

"Wa Hawra. Ulilala upande. Umepona?"

Nikamuuliza nani kamwambia. Akanitazama, Hawra, yeye mwenyewe, kwa yale macho aliyokuwa akinitazama nayo nikirudi na shati limechanika. Akasema, polepole, neno baada ya neno:

"Nyinyi mnasoma barua mbele yangu kama mimi kabati."

Kumbe alisikia yote. Kupe, jicho lililobandikwa plasta, mayai, mapacha kwenye theluji. Sughra alimuuliza, "Kwa nini hukusema kitu?" Akasema, "Nilikuwa natafuta maneno. Nikiyapata, mmeshatoka chumbani."

Nilikwenda dukani sikuweza kuuza. Nimefunga mapema, nimekaa nakuandikia.

Mchana alikuwa ameshasahau kwamba tulizungumza. Daktari alituonya. Lakini jioni aliuliza tena, "Uso wake umepona?" Nikamjibu tena. Nadhani ataniuliza kila siku, na mimi nitajibu kila siku.

Kazim


Toronto, 10 Agosti 2025

Kaka yangu,

Salaam kwako, kwa Sughra, na safari hii kwa Mama moja kwa moja, usinifikishie kwa kunong'ona.

Nakuja Oktoba, na Zahraa. Daktari amekubali, kazini wamekubali, na mimi mwenyewe nimejipima kwa kutembea hadi dukani na kurudi bila kukaa njiani. Nitachoka sana, kaka. Nitafika nikiwa wa kulazwa, huenda siku mbili za kwanza sitafaa kitu. Muwe radhi.

Mwambie Mama. Si kwa kumwambia Sughra huku Mama yuko pembeni. Kaa mbele yake, mshike mkono, mtazame. Mwambie uso umepona, isipokuwa nikicheka mdomo unakwenda upande kidogo, asishtuke. Kisha usiondoke. Mngoje, hata kama chai itapoa, mpaka ayapate maneno yake. Uniandikie alichojibu.

Mdogo wako,
Hawra